Alama Nyekundu Naziweka kwa Mkono (Nesi na Mama, Sehemu ya 11)



Wiki hii swali moja limejirudia sana: "Nesi, ile orodha ya dakika chini ya sauti zako siku hizi anaiandika nani? Ni wewe au ni AI?"

Jibu fupi: tunaiandika wawili. Ila kuna mistari ndani ya orodha ile ambayo mashine haiigusi, na leo nataka ujue kwa nini. Hata kama hujawahi kuhariri sauti maishani mwako, soma. Sauti za afya zinazozunguka kwenye magrupu ni nyingi sasa, na orodha za dakika zinaongezeka kila siku. Siku mtoto akiumwa usiku, utabonyeza mojawapo.

1. ALAMA NI NINI HASA

Kwa wageni: masomo yetu ya kliniki huwa nayarekodi, nayasafisha, halafu nayatuma kwenye grupu. Somo moja linafika dakika 20, mengine 30. Najua mnavyoyasikiliza. Kuna anayesikiliza dukani Mtaa wa Kongo wateja wakipungua, kuna aliye kwenye mwendokasi akitokea Gerezani, na kuna anayesikiliza saa tisa usiku, mtoto amemlaza kifuani, simu imebaki na bando la kubahatisha.

Huyu wa saa tisa usiku hawezi kusikiliza dakika 26. Anatafuta dakika moja tu, ile inayomhusu. Ndiyo maana chini ya sauti naandika hivi:

02:10 Kuharisha ni nini
05:35 HATARI: dalili za kwenda kituoni sasa hivi
08:20 Kuchanganya ORS
14:05 Zinki
17:50 Kumlisha mtoto anayeharisha

Dakika hizi zinatoka kwenye programu ya kuhariri sauti. Mimi natumia Audacity, ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000. Ukifungua rekodi unaona sauti yako imechorwa kama mawimbi, na juu yake kuna mstari wa muda, sekunde kwa sekunde. Kwenye mstari ule unaweza kuchomeka alama na kuipa jina: hapa ndipo ORS inaanza, hapa ndipo swali la mama mmoja lilipo. Mhariri wa muziki anaweka alama ili ajue kiitikio kinaanzia wapi. Sisi tunaweka ili mama ajue aingilie wapi.

Shika neno hilo, kuingilia. Alama ni mlango. Mtu akiingia kwa mlango wa katikati ya nyumba, hajui alichokiacha sebuleni.

2. WAKALA GANI TENA HUYU?

Kwa Kiswahili cha Bongo ukisema "wakala" kila mtu anafikiria kibanda cha kutoa na kuweka pesa. Safi kabisa, tuutumie mfano huo huo.

Akili mnemba tuliyoizoea ni ya kuuliza na kujibiwa. Unaandika swali, inakuletea maneno, basi. Wakala wa akili mnemba anakwenda mbele zaidi: unampa kazi na ruhusa, anaingia kwenye programu na kuifanya mwenyewe. Unamwambia, "Sikiliza rekodi hii, weka alama kila mada inapobadilika, zipe majina, hifadhi." Anaifungua sauti, anaigeuza kuwa maandishi, anatafuta mada zinapogeuka, anachomeka alama moja baada ya nyingine. Wewe unaweza kuwa unaosha vyombo.

Hiyo hatua ya kugeuza sauti kuwa maandishi ndiyo iliyofungua njia. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu inayoandika kile inachokisikia, na kila kipande cha maneno inakipa muda wake. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiswahili kimo, ila sehemu kubwa kabisa ya saa hizo ni Kiingereza. Kwa hiyo lugha yetu inaisikia, lakini kama mgeni aliyefika mjini juzi: anaelewa habari za mchana, akikutana na sisi tunaoongea haraka, anaanza kubahatisha.

Sasa turudi kwa wakala wetu wa kibandani. Ukienda kutoa pesa, hata kama ni wa siku zote, hata kama mnaitana shemeji, kabla ya kuweka namba ya siri unaangalia jina na unaangalia kiasi. Kuangalia huko hakumaanishi humwamini. Ila ukishathibitisha, pesa imeondoka.

Kwenye sauti za afya, kubonyeza "tuma" ndiyo namba ya siri yenyewe.

3. NAMPA HAKI YAKE KWANZA

Sitaki mtoke hapa mkisema nesi anapinga teknolojia. Wakala huyu ananisaidia sana.

Rekodi ya dakika 26, ukiiwekea alama kwa mkono, unaisikiliza yote, unarudi nyuma, unasimamisha, unaandika jina, unaendelea. Saa nzima imekwenda, na kama nimetoka zamu ya usiku, hiyo saa sina. Zamani somo la Jumanne lilikuwa linawafikia Jumamosi. Siku hizi linatoka siku ile ile. Kama ni somo la mtoto anayeharisha, siku nne ni nyingi mno.

Tena mashine inakumbuka. Mimi nikichoka naweza kupitiwa na swali zuri lililoulizwa dakika ya 21. Yenyewe haichoki. Inaniletea: "21:12, swali kuhusu mtoto anayekataa ORS." Hapo nasema asante.

Ila tunarekodi Kariakoo, na Kariakoo haina ukimya. Programu za kuhariri zina njia ya zamani ya kuweka alama kwa kutafuta ukimya: sauti ikishuka, inadhani mada imeisha. Jaribu hiyo njia huku kwetu. Nje kuna honi ya bajaji, kuna bodaboda, kuna spika ya muuza nguo iliyorekodiwa inayorudia bei kutwa nzima, mchana adhana inaingia. Hakuna penye ukimya. Akili mnemba ni afadhali kwa sababu inafuata maneno. Lakini nayo, siku moja tulikuwa na somo la kunyonyesha, ikaniletea alama safi kabisa yenye jina: "11:47 Gharama: elfu kumi." Ni yule wa spika ya nje. Amekuwa mada kwenye somo la maziwa ya mama.

Hiyo ilituchekesha. Zinazofuata hazichekeshi.

4. MAMBO MATATU YANAYOIPITA MASHINE

*La kwanza: sharti.*

Nikifundisha kuhusu kuharisha huwa nasema hivi: "Kama mtoto amelegea, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, usikae nyumbani kuchanganya dawa. Nenda kituoni sasa hivi. Kama hana dalili hizo, basi chukua pakiti ya ORS, nawa mikono, soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani..."

Mwambie wakala aweke alama "Kuchanganya ORS." Ataiweka wapi? Ataiweka kwenye "chukua pakiti." Na kimantiki yuko sahihi! Maelezo ya kuchanganya yanaanzia hapo. Hajakosea neno hata moja, hajakosea sekunde.

Lakini mama wa saa tisa usiku, ambaye mtoto wake amelegea, atabonyeza palepale. Atanisikia nikimwambia kwa sauti tulivu achukue pakiti, anawe mikono, apime maji. Ile "kama" niliyoisema sekunde 20 kabla hataisikia kamwe. Sauti ni ya nesi wake anayemwamini. Atakaa nyumbani anachanganya.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko makosa yote ya mashine. Kosa unaweza kuliona. Hii ni alama iliyo sahihi, imekaa mahali ambapo mzazi anaweza kupotea.

Walimu wetu wametufundisha kusema hatari kwanza, maelezo baadaye. Alama inaruka ile "kwanza" na kukutua kwenye "baadaye."

*La pili: ile "usi."*

Kiswahili chetu kinaficha katazo ndani ya silabi mbili. "Mpe maji" na "usimpe maji" vinatofautiana kwa "usi" tu. Na tukiongea haraka, neno lililotangulia likiishia na irabu, zile sauti zinagongana. Sema mwenyewe kwa haraka: "Mtoto wa chini ya miezi sita usimpe maji." Umesikia "sita" inavyoimeza ile "u"? Ongeza honi ya bajaji hapo.

Mashine ikiikosa "usi," jina la alama linakuwa "Mpe maji." Sasa fikiria mama ambaye hata hasikilizi sauti, anasoma orodha tu kwa sababu bando limeisha. Anaona imeandikwa na nesi: mtoto wa chini ya miezi sita, mpe maji. Wakati ushauri ni maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, hata maji hapana, isipokuwa dawa au ORS aliyoandikiwa kituoni.

Kumbe jina la alama nalo ni ushauri. Wengi wanalisoma hilo tu.

*La tatu: saa zetu.*

Hili ni letu sisi Waswahili, na mtu aliyetengeneza programu akiwa mbali hawezi kulikumbuka. Dawa mseto ya malaria, ALu, mtoto aliyepimwa na kukutwa na malaria anapewa dozi 6 kwa siku 3. Ya kwanza anaanza hapo hapo. Ya pili ni baada ya saa nane. Kisha asubuhi na jioni mpaka zimalizike.

"Baada ya saa nane" maana yake zipite saa nane kamili tangu dozi ya kwanza. Lakini "saa nane" kwa mtu wa Dar ni mchana, baada ya chakula. Wakala akifupisha jina la alama, ataandika: "Dozi ya pili: saa 8." Limekaa vizuri, fupi, linapendeza. Basi mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, atampa ya pili saa 8 mchana. Zimepita saa nne tu. Alitakiwa kusubiri mpaka saa 12 jioni.

Herufi moja haijakosewa. Limepotea neno "baada," na saa nne za mtoto zimepotea nalo.

Kwa hiyo mimi alama ya dawa yoyote siku hizi naiandika kwa mfano: "Dozi ya pili, saa nane BAADA ya ya kwanza (ulianza saa 4 asubuhi? Mpe saa 12 jioni)." Ni ndefu, haipendezi. Iache isipendeze.

5. ZAMANI ALAMA ALIKUWA MTU

Wazazi wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya, na watu wazima takriban milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza. Muulize bibi yako, huenda alikuwemo.

Angalia walivyopanga. Hawakumwacha mtu peke yake na redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kulikuwa na vijitabu. Kipindi kikiisha, kiongozi anarudia, watu wanauliza, wanabishana, wanakubaliana watafanya nini kijijini: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Ukichelewa kufika ukasikia nusu, yupo wa kukwambia, "Subiri ndugu, hukusikia mwanzo. Amesema kwanza hivi."

Leo mama anasikiliza peke yake, na kifaa sikioni, gizani ili asimwamshe mwenzake. Hana wa kumwambia "subiri." Ile kazi ya kiongozi wa kikundi imebaki kwenye alama. Alama ndiyo inayomshika mkono na kumwambia anzia hapa.

Basi ndiyo sababu nauliza: kazi ya kumshika mama mkono saa tisa usiku, tunampa nani? Mashine inaweza kumpangia vitabu kwenye kabati, na inapanga vizuri kuliko mimi. Lakini mtu wa kusema "subiri, kwanza hili" awe ni mtu anayeweza kuulizwa kesho, "Nesi, mbona ulituambia hivi?"

Wakala haji kliniki Jumatatu. Mimi nakuja.

6. TUNAVYOFANYA SASA

Hii sehemu ni ya wenzangu manesi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na vijana mnaotengeneza sauti za akina mama. Najua mpo, kuna mpaka kina baba wa maduka ya simu Mtaa wa Aggrey mnaowahariria wake zenu. Nakili mkitaka.

*Kata kwanza, alama baadaye.* Ukiweka alama kwenye rekodi mbichi halafu ukakata honi na vikohozi, alama zinaweza kubaki palepale wakati sauti imesogea. Umekata sekunde 40 kwa jumla? Alama zinazofuata zimechelewa sekunde 40. Ndani ya sekunde 40 zinaingia dalili zote za hatari. Audacity ina mpangilio wa kufungamanisha alama na sauti ili zisogee pamoja, lakini njia salama ni kumaliza kukata ndipo uanze kuweka alama.

*Wakala aniletee karatasi, asiingie jikoni.* Audacity inapokea alama kama faili la maandishi matupu. Kila mstari una sekunde ya kuanzia, ya kuishia, na jina. Basi. Namwambia wakala aniandikie faili hilo tu. Nalisoma kwa macho kama ninavyosoma kadi ya kliniki, nasahihisha, ndipo naliingiza mwenyewe. Ruhusa ya kukata au kufuta sauti simpi. Anayeweza kukata anaweza kukata "usi."

*Aina mbili za alama.* Nyeusi ni za mada: ORS, zinki, chakula, maswali. Hizo wakala anapendekeza, mimi nazipitia. Nyekundu ni za hatari na za dawa. Hizo naweka kwa mkono wangu, nikisikiliza kwa masikio yangu. Kwenye orodha yenu hazionekani kwa rangi, zinaonekana kwa neno HATARI au DAWA.

*Nyekundu inaanza mapema.* Siiweki kwenye neno lenyewe. Narudi nyuma mpaka ilipo ile "kama." Kwa kawaida ni sekunde 15 hadi 30. Na nikiona alama nyeusi inamvusha mtu juu ya sharti, kama ile ya kuchanganya ORS, naihamisha irudi mpaka kwenye sharti. Nikishindwa kuihamisha, naingia tena kwenye kipaza sauti na kurekodi sentensi moja: "Kabla hujachanganya, mtoto anaweza kunywa? Hajalegea? Sawa, tuendelee." Naipachika hapo.

*Namba na makatazo nayasikiliza yote.* Kila palipo na tarakimu, kila palipo na "usi" au "si." Chukua mfano wa kupumua haraka. Mtoto wa chini ya miezi 2 ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Miezi 2 mpaka 12 ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka miaka 5 ni 40 au zaidi. Sitini, hamsini, arobaini. Mashine ikibadilisha moja tu, mama atahesabu vizuri kabisa, halafu atalala kwa amani isiyo ya kweli.

*Jaribio la mlango mmoja.* Kabla ya kutuma, nampa mtu mmoja mwenye mtoto mdogo, ambaye hakuwepo kwenye somo. Namwambia: bonyeza alama moja tu unayotaka, sikiliza dakika moja, zima. Kisha namuuliza, "Sasa ungefanya nini?" Jibu lake likiwa na hatari, ile alama inahama. Simuulizi kama amependa sauti. Nauliza angefanya nini.

Vyote hivi vinachukua dakika kama 20. Bado ni pungufu sana kuliko zamani. Muda uliobaki mashine imeniokolea, namshukuru Mungu, nikalale.

7. NA SAUTI YAKO JE?

Mama mmoja akiuliza swali kwenye somo, sauti yake imo kwenye rekodi. Kariakoo watu wanajuana kwa sauti. Mtu anaweza kuuliza kuhusu dawa za kumkinga mtoto na virusi vya UKIMWI, na jirani yake wa Mtaa wa Swahili akamtambua kabla hajamaliza sentensi.

Sasa wakala wengi wa akili mnemba wanafanya kazi kwenye intaneti. Ili aweke alama, lazima umpelekee rekodi nzima. Imetoka kwenye kompyuta yako, imekwenda nchi nyingine. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Sio jambo la kuchukulia juujuu.

Kwetu ni hivi: maswali ya akina mama nayakata kwanza, nayasema upya kwa sauti yangu, bila jina, bila mtaa. Kinachoenda kwa mashine ni sauti ya nesi peke yake. Kuna programu za kuandika sauti, ikiwemo Whisper, zinazoweza kukaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Ukiweza hiyo, bora zaidi.

Na wewe una haki ya kuuliza. Ukirekodiwa kwenye kikundi chochote, uliza: sauti yangu inakwenda wapi?

8. KWAKO WEWE UNAYESIKILIZA

Hifadhi posti hii, hapa ndipo penye yako.

Moja. Ukibonyeza dakika yoyote kwenye sauti ya afya, yangu au ya mtu mwingine, rudisha nyuma nusu dakika. Sekunde 30 hazimalizi bando.

Mbili. Mtoto akiumwa, anza na mstari wa HATARI hata kama unachotafuta ni kingine. Sauti isiyo na mstari huo, usiifanyie maamuzi usiku.

Tatu. Usimpe mtoto dawa kwa kusoma jina la alama tu. Sikiliza sentensi nzima, kisha linganisha na maandishi ya kituo kwenye bahasha ya dawa. Vikitofautiana, bahasha na aliyekuandikia ndio wa kuwauliza.

Nne. Ukiona orodha inasema kitu cha ajabu, mpe mtoto mchanga maji, dozi ya saa fulani isiyoeleweka, usinyamaze. Muulize aliyetuma: hii umeisikiliza mwenyewe, au imewekwa na mashine? Hilo swali halina dharau. Mtu mwenye nia njema atakushukuru.

Tano. Kuna mambo hayasubiri kusikiliza sauti. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea sana au hazinduki. Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Weka simu mfukoni, beba mtoto, nenda. Kwa mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na kichanga, kuna namba ya bure ya m-mama, 115, ya usafiri wa dharura. Iandike ukutani, isikae kwenye simu tu, maana simu huzima chaji.

Kina baba, hii ya tano ni yenu zaidi. Ijueni kwa kichwa. Saa tisa usiku mama ndiye ameshika mtoto, wewe ndiye una mikono mitupu.

Kwenye somo la kesho kutwa, kikohozi na kupumua, orodha itakuwa na alama 14. Wakala amependekeza 11. Tatu ni nyekundu, na hizo nimeziweka mimi. Ukiona mojawapo imekaa vibaya, niandikie dakika yake kwenye maoni, nitaisikiliza tena.

Sehemu ya 12 tutahesabu pumzi pamoja, kwa saa ya simu. Kila mtu aje na mtoto wake, ikiwezekana akiwa amelala.